Je, Wabudha Wana Mungu? Jibu kwa Mpwa Wangu



Liko swali ambalo zamani waliulizana wanazuoni peke yao, na leo laulizwa na vijana wetu barazani na kwenye vijiwe vya kahawa: Je, mtu aweza kuwa na dini na asiwe na Mungu? Anayelileta swali hili mara nyingi huwataja Wabudha. Wengine husema Wabudha ni wakana Mungu, hawaamini lolote. Wengine husema la, hao ni waabudu masanamu, wana miungu isiyo na idadi. Kauli hizi mbili zapingana, na mtu angedhani kwamba moja ni kweli na ya pili ni uongo. Katika makala haya nataka kueleza kwamba kila moja ina ukweli wake, na kwamba sababu ya kuwa hivyo inatuhusu sana sisi tunaoitamka kalima mchana na usiku.

Wala asiseme mtu kwamba jambo hili liko mbali nasi. Watu wa pwani wana ndugu na watoto Maskati na Dubai, na huko hufanya kazi pamoja na watu wa Sri Lanka, wengi wao Wabudha. Dar es Salaam, pale Upanga, liko hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala zama za utawala wa Waingereza, na wengi wetu hupita karibu nalo wasijue ni nyumba ya nini. Lakini mimi, niliyezaliwa Pangani, swali hili halikunijia pwani. Lilinijia Chato.

Chato iko kando ya Ziwa Viktoria, upande wa kusini-magharibi, katika mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa mkoa wa Kagera. Wako huko Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na Wasubi, na juu yao wamekuja watu wa kila kabila waliofuata mambo mawili, samaki na dhahabu. Mimi nilifuata biashara ya kanga na vitenge. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinifuata baada ya kumaliza shule. Duka hakulitaka, akapata kazi ya ufundi kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, na tajiri yake alikuwa Mchina. Wachina si wageni tena Kanda ya Ziwa. Hata lile daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, ambalo sasa latuvusha sisi tutokao Mwanza kwenda Geita na Chato, lilijengwa na kampuni za Kichina likafunguliwa Juni 2025.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha mpwa wangu alikuja nyumbani akiwa na udongo hata kwenye nywele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hakujibu swali la chakula. Aliniambia kwamba rafiki yake amefukiwa na duara. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, udongo umelowa, na matimba ya kuzuia kuta yalikuwa machache kwa kuwa mwenye duara aliona magogo ni ghali. Walichimba kwa mikono na majembe mpaka jioni, wakamtoa akiwa maiti. Lakini waliosimama pale juu hawakuzungumza habari za magogo. Walisema marehemu alivunja sharti la mganga. Kumbe mwenye duara alikuwa amepeleka mbuzi mweusi kwa mganga ili dhahabu "itoke", na wachimbaji wakapewa miiko ya kushika. Na mwenye duara huyo, msomaji, ni mtu wa safu ya kwanza msikitini.

"Mjomba," akasema, "yule Mchina wangu hana Mungu. Nimemwuliza mwenyewe, akasema hana dini. Lakini mshahara wangu hulipa siku yake, na mtambo hauwashwi mpaka aukague kwa mkono wake, asije akaumia mtu. Huyu wetu anasali, anafunga, ana mganga, na amefukia mtu kwa ubahili wa magogo. Sasa niambie, huyo Mungu anaongeza nini?"

Nikamwuliza: "Na ile sanamu ndogo uliyonieleza kwamba iko mezani kwake?"

"Ile ni Guanyin. Alipewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa Mbudha. Mwaka mpya wao ukifika huiwashia udi. Nilimwuliza kama huyo ndiye Mungu wake, akacheka. Akasema huyo ni mwenye huruma tu, husikia vilio vya watu."

Usiku ule sikubishana naye. Aliyefiwa hajibiwi kwa hoja. Nilimwambia aoge, alale, kesho tukamzike mwenzake. Lakini maneno yake yalinikaa moyoni, nami nikaona si haki kumjibu juu ya dini ya watu ambayo sijaisoma. Niliyoyapata katika kusoma ndiyo haya.

Mtu aliyeitwa Budha, yaani Aliyeamka, jina lake Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, mahali palipo leo katika nchi ya Nepal, kiasi cha miaka mia nne au mia tano kabla ya Nabii Isa. Aliiacha nyumba ya ukwasi akatafuta dawa ya mateso ya wanadamu, yaani uzee, maradhi na mauti. Mafundisho yake ya msingi ni manne: maisha yana mateso, mateso hutokana na tamaa, tamaa ikikoma mateso hukoma, na iko njia ya kuikomesha, nayo ni kuona sawasawa, kusema kweli, kutenda haki, kupata riziki isiyodhuru watu, na mengine ya namna hiyo. Yatazame mafundisho hayo manne. Hamna ndani yake neno la kumkubali Mungu, wala hamna neno la kumkana.

Yasimuliwa katika vitabu vyao kwamba mwanafunzi wake mmoja alimkasirikia kwa kuwa hakumweleza kama ulimwengu una mwanzo au hauna, na kama una mwisho au hauna. Budha akampigia mfano wa mtu aliyechomwa mshale wa sumu, akakataa usitolewe mpaka aambiwe aliyeutupa ni nani, wa ukoo gani, mrefu au mfupi. Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Basi yeye Budha alijiona kama tabibu wa kuutoa mshale.

Je, miungu? Hapa ndipo wengi hukosea. Budha hakusema kwamba hakuna miungu. Vitabu vyake vimejaa miungu ya Kihindi, Brahma na Indra na wengineo. Lakini amewateremsha vyeo. Kwa mafundisho yake, miungu ni viumbe kama sisi, ila wanaishi maisha marefu na ya raha. Nao huzaliwa, na siku zao zikiisha hufa. Kuna kisa cha mtawa aliyekwenda mbingu baada ya mbingu kuuliza swali gumu, kila mungu akimpeleka kwa mkubwa wake, mpaka akafika kwa Brahma Mkuu. Brahma akajitapa mbele ya wenziwe kwamba yeye ndiye muumba na mjuzi wa yote. Mtawa akasema, sikukuuliza hayo. Mwisho Brahma akamvuta kando akamnong'oneza kwamba jawabu halijui, na kwamba hapendi miungu wengine wasikie. Afadhali arudi akamwulize Budha.

Kwa hiyo Mbudha aweza kuamini kuwa miungu iko na bado akabaki Mbudha, maana wokovu wake hautoki kwao. Na aweza kukanusha kuwa iko na bado akabaki Mbudha, kwa sababu ile ile. Nguzo ya nyumba haikujengwa juu ya miungu, hivyo wakiwemo au wakitolewa nyumba husimama. Lakini Mungu Mmoja, Muumba wa kila kitu, Mwenye kusikia dua na kuhukumu, huyo hana mahali katika mafundisho yale. Hapo ndipo tunapoachana nao, nao wenyewe hawafichi.

Mifano ya pande zote mbili iko duniani. Sri Lanka, Mbudha husujudu mbele ya sanamu ya Budha kwa heshima ya mwalimu, kisha huingia katika kijumba cha mungu kilicho ua ule ule akaomba mtoto, kazi au kupona. Kusini mwa kisiwa hicho kuna mahali paitwapo Kataragama, ambapo Wabudha na Wahindu huzuru. Na hapo hapo kuna msikiti ambao Waislamu wa kisiwa huunasibisha na Nabii Khidhri. Upande wa pili, mwaka 1956, huko Nagpur katika India, mwanasheria B. R. Ambedkar aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wa tabaka lililodharauliwa, wakaweka nadhiri kwamba hawataamini wala kuabudu miungu ya Kihindi. Kwao Ubudha ulikuwa mlango wa kutoka kwenye miungu iliyotumiwa kuwadhalilisha.

Na mfano ulionishangaza zaidi ni wa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote. Nguzo ya kwanza ya taifa lile, tangu 1945, ni kumwamini Mungu Mmoja. Baada ya machafuko ya 1965, wakati aliyedhaniwa kuwa mkana Mungu alikuwa hatarini, Wabudha wa huko waliulizwa: Mungu wenu ni nani? Mtawa mmoja mkuu, Ashin Jinarakkhita, akatoa katika maandiko ya kale ya Java jina la Sang Hyang Adi Buddha, akasema huyo ndiye. Wabudha wengine hawakuridhika. Walisema dini yao haimjui mungu wa namna hiyo, na kwamba kinachofaa kutajwa ni kile ambacho vitabu vyao hukieleza kuwa hakikuzaliwa wala hakikuumbwa. Basi swali la mpwa wangu limepata kuulizwa na serikali nzima, na Wabudha wenyewe wakagawanyika katika kulijibu.

Sasa tuwaangalie wazee wetu, maana Waislamu walikutana na watu hawa tangu karne ya kwanza ya Hijria. Muhammad bin Qasim alipoingia Sindh mwaka 711, al-Baladhuri ameandika kwamba aliyahesabu mahekalu yao kama makanisa ya Wakristo, masinagogi ya Mayahudi na nyumba za moto za Majusi, akawaacha na ibada yao. Al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, katika kitabu chake cha al-Milal wan-Nihal alieleza habari za Budha kama alivyozisikia, akasema kwamba ikiwa maneno yao ni sahihi, basi aliyefanana naye zaidi ni Khidhri. Alisikiliza kwanza, akatafuta kitu cha karibu na cha heshima cha kumlinganishia, bila ya kuuza akida yake.

Na kiko kisa katika kitabu kinachonasibishwa na Imamu Ahmad bin Hanbal, cha mtu aitwaye Jahm bin Safwan aliyejadiliana na kundi la Sumaniyya, ambao wataalamu wengi huwaona kuwa Wabudha wa Khurasani. Walimwuliza: Mungu wako umemwona? Umemsikia? Umemnusa? Umemgusa? Kila mara akajibu la. Wakasema, basi wajuaje kuwa yuko? Jahm akachanganyikiwa, akakaa siku arobaini hajui amwabudu nani. Kisha akawarudia na swali: nyinyi mna roho? Mmeiona? Mmeisikia? Nao wakanyamaza. Wanazuoni wamesimulia kisa hiki kwa kumlaumu Jahm, maana jawabu lake lilimpeleka kwenye itikadi iliyokataliwa. Mimi naona ndani yake onyo jingine: mtu aliyeirithi imani bila ya kuijua, swali moja la mgeni humtoa katika sala.

Baada ya wiki chache nilikaa na mpwa wangu ukumbini, tukanywa chai, nikamwambia niliyoyapata. Kisha nikamjibu swali lake.

Nilimwambia: Uliyosema juu ya yule mwenye duara ni kweli, nami sitamtetea. Lakini usiseme kwamba alimwua mwenzako kwa kuwa anamwamini Mungu. Angekuwa anamtegemea Mungu asingempa mganga mbuzi, wala asingeweka roho za watu chini ya udongo mbichi kwa kuchelea bei ya magogo. Kwa ulimi ana Mungu mmoja. Kwa hofu na tamaa anao wengi. Na hayuko peke yake. Kanda hii hii, hususan kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Waliovitaka viungo hivyo walikaa katika nchi ambayo karibu kila mtu husema kwamba yuko Mungu.

Tazama kalima yetu, nikamwambia. Ina sehemu mbili. Ya kwanza yafuta: hapana apasaye kuabudiwa. Ya pili yathibitisha: ila Allah. Budha, kwa namna yake, alikwenda mbali katika kuishusha miungu, kisha asiifikie sehemu ya pili. Huyu mwenye duara azitamka zote mbili, na maishani mwake hata ile ya kwanza hajaitimiza. Ukitaka kujua mtu ana Mungu au hana, usiangalie meza yake tu. Angalia hukimbilia wapi anapotaka mali na anapoogopa kifo.

Akaniuliza: "Basi Mungu anaongeza nini kwa yule Mchina?"

Nikamwambia: Kwa mafundisho ya Budha kila tendo huzaa tunda lake lenyewe. Hesabu iko, ila hakuna Mwenye kuhesabu. Hiyo yaweza kumfanya mtu awe mwaminifu sana, kwani hakuna wa kumhonga. Lakini hakuna pia wa kumwomba. Watu wao husimulia juu ya mwanamke Kisa Gotami, aliyembeba mtoto wake maiti akitafuta dawa. Budha akamwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo hajapata kufa mtu. Akazunguka nyumba zote, hakuipata, akafahamu, akamzika mtoto. Ni kisa cha hekima, na mama yake rafiki yako angeweza kufaidika nacho. Ila sisi matangani tunasema Inna lillahi, maana yake kijana yule ana Mwenyewe, amerudi kwake, na dhulma aliyofanyiwa inajulikana mahali. Mama yake ana wa kumlilia. Na hata mwenye duara, akitubu na kulipa haki ya watu, yuko wa kumsamehe. Hilo ndilo nililo nalo la kukuambia. Ama uadilifu wa tajiri yako, ushukuru na uige. Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba wako mitume ambao hakutusimulia habari zao. Basi wema ukiuona kwa mtu wa dini nyingine usione ajabu, wala usikimbilie kumhukumu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba amekubali, nami sikumbana. Aliniambia tu, "Nitafikiri, mjomba." Siku iliyofuata yeye na wenzake walikwenda ofisi ya serikali kueleza habari ya matimba, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya wakati watu walipokuwa wakimsingizia marehemu miiko ya mganga. Msikitini anakuja, siku nyingine haji. Namwombea, na mlango wangu uko wazi.

Wazazi na walezi mnaosoma haya, nawaombeni mambo matatu. Kijana akikuuliza habari ya dini ya watu, usimwambie "wale makafiri, waache". Atakwenda kuwaona mwenyewe, atakuta ni watu wenye adabu na huruma, na hapo ataona kwamba ulimdanganya, na akishaona hivyo hatakuamini hata katika lile ulilosema kweli. Pili, mtu asitukane wanaoabudiwa na wengine, Qur'ani imetukataza. Na tatu, kabla hatujauliza kama Mbudha ana Mungu, kila mmoja apekue nyumba yake: hirizi iliyofungwa kiunoni mwa mtoto, chano kilichopelekwa mizimuni, fedha ya mganga iliyofichwa kwenye hesabu ya duka. Pwani nako mambo haya tunayajua. Si ya Kanda ya Ziwa peke yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu kijana yule aliyefia ardhini akitafuta riziki ya halali, ampe mama yake subira, na atuongoze sote tuitimize kalima yetu kwa vitendo kama tunavyoitamka kwa ndimi. Amin.